Mto Uliombeba Mama Anaeli

Usiku wa kuamkia leo niliota Mto Marawo umekuja kwangu na kuketi sebuleni, kwenye kochi lile refu, bila kubisha hodi.

Sikushtuka. Kilichoniudhi ni vitambaa vya makochi, maana nilikuwa nimevifua na kuvipiga pasi kwa ajili ya wageni. Mto umekaa pale, maji yanaingia kwa mlango wa mbele na kutokea dirishani, na wenyewe unatazama picha za ukutani kama mgeni anayesubiri chai.

"Umefuata nini?" nikauuliza.

"Nimesikia kuna watu wanakuletea sale," mto ukasema. "Nikaona na mimi nipitie."

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kwetu huku mlimani, mtu aliyekukosea akikuletea jani la sale, unasamehe. Huulizwi kama unataka. Jani lenyewe ni la kawaida tu, refu, la kijani, na mmea wake tunaupanda mipakani na makaburini. Lakini mkosaji akishasimama nalo mlangoni kwako, maneno yamekwisha. Ukikataa, mkosaji unakuwa wewe, na ukoo mzima utakutazama hivyo mpaka ufe. Na asubuhi ya leo mdogo wangu Anaeli alikuwa analeta jani lake, akisindikizwa na baba mkubwa.

Alichokosa kinajulikana. Mama tulimzika chini kabisa ya kihamba, shamba letu la migomba, pale mgomba wa mwisho unapokutana na mto, kwa sababu alitaka mwenyewe kulala pale. Udongo wa kaburi haujatulia vizuri, Anaeli akaanza kuchimba mchanga ukingoni, karibu kabisa na miguu ya mama. Alichimba, akapakia kwenye lori, kesho yake akarudi tena. Nilimwambia aache. Alinitazama tu. Masika yaliyopita mto ukajaa, ukingo uliotobolewa ukameguka, na kaburi likaenda lote, na msalaba wake, na masale yake, na mama mwenyewe. Tangu siku hiyo sijaongea na Anaeli. Tukikutana kanisani natazama viatu vyangu.

Kwa hiyo nilipouona mto umejinyoosha kwenye kochi langu, sikuwa na ukarimu wa kuugawa.

"Wewe sale lako liko wapi?" nikauliza.

"Sina mikono. Ndiyo maana hata hodi sikubisha."

"Kwa nini ulimchukua mama yangu?"

"Mlimzungushia masale pande zote," mto ukasema. "Huku kwenu sale ni mpaka. Nikajua mmenikatia kipande changu. Nilishangaa kwamba mmenipa na mtu ndani yake, lakini sikutaka kuonekana mkorofi."

Nikachukua ufagio kuupiga. Mto haupigiki. Ufagio ulinitoka mkononi, ukaelea kupita meza, ukatokea dirishani, na sikuuona tena.

"Mama yuko wapi?"

"Kazi yangu kuchukua. Mambo ya kuweka yako huko chini."

"Nipeleke."

"Ingia. Ila unaingia kama mzigo. Kwangu hakuna abiria."

"Sawa."

"Na tunaanzia juu. Safari haianzii katikati."

"Mama hakwenda juu. Alikwenda chini."

"Ndiyo kanuni," mto ukasema, kwa sauti ile ile ya watu wa maofisini wanaposema mhusika hayupo.

Nikakanyaga zulia, na zulia likawa baridi ya kukata mfupa.

Niko juu ya msitu, kwenye ukoka wa kijivu ambako hata migomba haijawahi kusikika. Mto umekuwa mwembamba, unapita katikati ya nyayo zangu, na una sauti ya mtu aliyeota ndevu wiki hii. Unatoka chini ya jiwe. Haujasalimia.

"Unafanya nini?" nikauuliza.

"Nachimba."

"Unachimba wapi?"

"Chini."

"Si utanuke kidogo pembeni, watu tupate pa kupita?"

"Pembeni ni mambo ya wazee," ukasema. "Huku kwetu tunachimba chini tu."

Na kweli ulikuwa unachimba. Tukiwa tunaongea, kuta za bonde zinapanda kulia na kushoto, zinanifika magotini, mabegani, kichwani, mpaka mbingu inabaki utepe. Bonde limebanana kiasi kwamba nimeegemea mlima mmoja huku nimeuwekea miguu mlima wa pili. Nikamkumbuka Anaeli wa zamani, alivyokuwa akikaa mezani. Na yeye alikuwa anachimba chini tu, hatazami nani amebakiwa na nini.

Mbele yetu palikuwa na maporomoko. Yalikuwa yanatembea kinyumenyume, polepole, yakijila kisigino.

"Dada, samahani, usisimame nyuma yangu," maporomoko yakasema. "Narudi."

"Unarudi wapi?"

"Juu. Maji yanashuka, mimi napanda. Yanakula mwamba wa chini, wa juu unaanguka, nasogea nyuma kidogo. Katika mto huu wote mimi ndiye peke yangu ninayerudi."

Nilifurahi kama mjinga, nasema ukweli. Nikajua nimepata mtu wa kunirudishia mama nyumbani.

"Unaweza kumpandisha mtu?" nikauliza.

"Naweza. Una haraka?"

"Ndiyo."

"Basi hapana," maporomoko yakasema, yakaendelea kujila.

Nikaanguka nayo. Sikuumia, maana mzigo hauumii, unagongwa tu. Nilipofumbua macho tulikuwa nyumbani, kwenye kona ya mto chini ya kihamba chetu, pale pale palipokuwa na kaburi.

Pamebaki shimo. Upande wetu ni upande wa nje wa kona, na umekatwa wima, mizizi inaning'inia kama nguo za ndani zilizoanikwa mbele ya wageni. Ng'ambo, upande wa ndani, ukingo umelala chali, umenona, mchanga mpya umejazana tumboni, na bado unazidi kupokea.

"Kwa nini mwenzako anaongezewa?" nikauliza upande wa nje.

"Kwa sababu mimi napunguzwa."

"Umemkosea nani?"

"Sijamkosea mtu. Nimekaa nje ya kona. Maji yakija na nguvu zake yananipiga mimi. Yakichoka yanakwenda kupumzika kwake, na yakipumzika yanaacha yalichobeba."

"Mlizaliwa pamoja?"

"Mama mmoja, udongo mmoja."

Nikaugeukia upande wa ndani. "Na wewe huoni haya?"

"Mimi sijaomba kitu," ukasema, mchanga ukiuporomokea kifuani.

"Umewahi kukataa?"

"Sijawahi kuambiwa kwamba inaruhusiwa kukataa."

Nilisimama pale nikifikiria mambo ambayo kwa mchana huwa nayafunika. Ndoa yangu ilipovunjika nikarudi nyumbani, nani alimwogesha mama? Nani alimlisha uji kwa kijiko, nani alimgeuza kitandani, nani alikuwa anajua ubavu upi unauma leo? Anaeli alikuja Krismasi na kilo za sukari, na sukari hiyo ilisifiwa mpaka Pasaka. Kila jirani aliyeingia aliambiwa, chai hii ni sukari ya Anaeli. Mimi ndiye niliyekuwa nimeichemsha.

"Twende," mto ukasema. "Ukikaa sana hapa utaliwa."

Tunashuka. Migomba inapungua, mahindi yanaanza, jua linakuwa kali. Kisha mlima unakwisha ghafla, kama ngazi inavyokwisha ukiwa bado umeinua mguu, na mto unaanza kuhema.

Palikuwa na jiwe kubwa katikati ya njia, jeusi, limekaa kama mtu mwenye cheo.

"Wazito washuke," jiwe likatangaza. "Hapa nguvu za mto zinaishia. Wazito wote washuke."

Mawe yakaanza kushuka yakinung'unika. Mengine yalikuwa yametoka mbali na hayakuamini kwamba ndiyo mwisho. Mimi nikataka kupita pembeni, jiwe likanizuia.

"Unamtafuta nani?"

"Mama yangu."

"Jina?"

"Mama Anaeli."

"Wewe ndiye Anaeli?"

"Hapana. Mimi ni Ndewirwa. Mkubwa wake."

"Mkubwa kwa kuzaliwa?"

"Kwa kuzaliwa."

"Sasa mbona haitwi Mama Ndewirwa?"

"Kaulize ukoo," nikasema.

Jiwe likaliacha hilo. "Uzito wake?"

"Mwishoni alikuwa mwepesi. Nilimbeba mwenyewe mpaka uani kwenda kuoga. Mkono mmoja yeye, mkono mwingine ndoo."

"Siulizi mwili. Alikuwa na kinyongo?"

"Mama? Hakumwekea mtu kinyongo maisha yake yote."

"Basi hayupo kwangu. Wenye vinyongo ndio wanaoishia hapa." Likasogea karibu, likaninusa. "Wewe shuka."

"Mimi nakwenda mbele."

"Huwezi. Mto haukuwezi tena. Tafuta pa kukaa, wenzako wapo."

Nikatazama mawe yaliyoshuka. Yalikuwa yamekaa kimya, kila moja limempa mwenzake mgongo. Niliwajua baadhi. Palikuwa na shangazi yangu aliyekufa bila kuongea na dada yake kwa sababu ya ng'ombe. Alinisogezea nafasi. Nilipoiona ile nafasi nikaogopa sana.

"Nikipunguza je?" nikauliza.

"Punguza tuone."

Nikaingiza mkono kifuani. Nilitoa ile hasira ya sukari ya Krismasi, nikaiweka chini. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Nikatoa ile ya jina la mama. Nikatoa ile ya harusi yangu, Anaeli alipofika watu wameshaondoka. Ziligonga chini moja baada ya nyingine, na kila moja ilipogonga, shangazi alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayeona vyombo vya nyumba vinatupwa.

"Bado ile nyingine," jiwe likasema.

"Ile ni ya kaburi. Siitoi."

Likanipima kwa macho. "Umekuwa mchanga. Pita, lakini hutafika mbali."

Na kweli sikufika mbali. Mchanga ulikuwa umetandazwa kwenye kitanda cha mto, ukiota jua, na malori yamepangana ukingoni. Mchanga unaongea kwa pamoja, wote neno moja, na unaudhi.

"Hapa ndipo wanaposhukia mchanga," ukasema. "Mbele ni tope tu, na tope halibebi kitu. Una nini hapo kifuani?"

"Sina."

"Tumekisikia."

Nikageuka kidogo, nikajifanya nakohoa. Ile ya kaburi nikaitoa kifuani nikaificha chini ya ulimi. Ilikuwa imebaki kijiwe kidogo, kina kona. Nikafunga mdomo, nikainua mikono nikaguliwe.

"Mdomoni je?" mchanga ukauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Haya, nenda," ukasema. "Tukimwona Anaeli tumsalimie? Anatufahamu sana."

Sikujibu. Ningejibu kijiwe kingedondoka.

Sasa mto ni mzee. Umenenepa, unakwenda polepole, unapinda huku, unapinda kule, unapita sehemu moja mara ya pili na kuniuliza kama tumeshapita hapo. Ukiambiwa habari za ule wa juu uliokuwa ukichimba chini, unasema haukumbuki. Pande zote mbili ni tambarare, hakuna hata kichuguu cha kuegemeza macho, na kote ni majaruba ya mpunga, mraba kwa mraba, maji yamesimama ndani yake.

Mwanamke alikuwa ameinama kwenye jaruba, khanga ameifunga juu ya magoti. Aliponiona akanyooka, akashika kiuno.

"Karibu, dada wa mlimani," akasema. "Naitwa Zamoyoni. Yaani mwaka jana mmetuletea tope zuri, hatujawahi kuona."

"Sikulileta mimi," nikasema, nikibana ulimi. "Hilo tope ni mama yangu."

Hakucheka. Alinawa mikono kwenye maji, akaifuta kwa khanga, akanipa mkono.

"Poleni sana. Hatukujua, tungewatumia salamu. Alifariki kwa nini?"

"Uzee. Kuja huku ndiko kulikuwa kwa bahati mbaya."

"Pole, mama. Ila kwa kweli ametuoteshea. Wengine tulikuwa tumekata tamaa na hii ardhi. Tumevuna, tumekula, na mchele mwingine umepanda lori umerudi huko kwenu mlimani. Hamkuuona?"

"Yuko jaruba lipi?"

Zamoyoni akatazama huku na huku kwa aibu. "Kama ni wa ile masika, ameenea. Anaanzia hapa kwangu mpaka kwa wale jirani. Wewe piga magoti popote."

Nikapiga magoti. Tope lilikuwa vuguvugu, laini, na lilikuwa na harufu ya mama akitoka jikoni. Nililia hapo, sikuona sababu ya kujizuia.

"Mama," nikaita.

Povu likapanda, likapasuka.

"Anaeli?" tope likasema.

"Ni mimi, Ndewirwa."

"Ooh. Ndewirwa." Povu jingine. "Anaeli ameshakula?"

Zamoyoni akageuka akajifanya anang'oa magugu.

"Sijui kama amekula, mama. Siongei naye."

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Mama, si uko huku? Amechimba mchanga miguuni mwako mpaka ukaanguka mtoni. Nimepita mto mzima kukutafuta."

"Kwani pale pa kuchimba alionyeshwa na nani?" mama akasema.

Povu jingine likapanda.

"Nilimwonyesha mimi. Nilimwambia, Anaeli, ukitaka mchanga chimba pale pale nitakapolala, ili nisikie koleo. Alikuwa haji, mwanangu. Anakuja Krismasi, anakaa ukingoni mwa kiti, anaangalia saa. Nikaona mimi sitamleta, mchanga utamleta. Na ulimleta. Alikuwa anakuja kila siku. Nilikuwa nasikia koleo linaingia, linatoka, nalala vizuri."

"Na mimi?" nikasema. "Nilikuwa nakuja kila siku. Nilikupalilia. Masale yale yasingeshika kama si maji niliyobeba mimi kichwani. Hukunisikia?"

Tope likafikiri. Nikaona kabisa linajitahidi.

"Wewe ulikuwepo tu," mama akasema.

Hakusema kwa ubaya. Hicho ndicho kilichonikata. Angesema kwa ubaya ningejua la kufanya.

Kijiwe kilikuwa bado chini ya ulimi. Nilikuwa nimekibeba safari yote, nimedanganya kwa ajili yake, nimekataa kukiacha kwa jiwe na kwa mchanga, kwa sababu nilitaka kukitemea mbele ya mama, akione, aseme, kweli ni kizito, pole mwanangu. Nikakitazama kwa ulimi upande huu na upande ule. Kisha nikakimeza.

"Asubuhi Anaeli analeta sale," nikamwambia. "Nipokee?"

"Mpikie wali kwanza," mama akasema. "Anapenda wali."

Hakuna povu jingine lililopanda. Nilingoja. Mpunga ukaota kutoka mahali aliposemea, ukarefuka, ukainama, ukawa wa njano, na watu nisiowajua wakaja na mundu wakaukata, wakinipita kwa heshima kama mtu anavyopita msibani asikoalikwa.

"Sasa nitarudije?" nikamwuliza Zamoyoni. "Mto haupandi."

"Haupandi," akakubali. "Watu wa mlimani huwa tunawaanika."

Akanitandika juu ya mkeka, kwenye tuta kati ya jaruba na jaruba, akanigeuza upande mmoja na mwingine kwa kiganja, kama anavyogeuza mpunga. Jua likanivuta. Nikaanza kupungua vidole, kisha mikono. Nilikuwa mvuke kabla sijamaliza kumshukuru. Kijiwe nacho kikapanda tumboni mwangu, sijui kwa kanuni gani, maana mvuke hauna tumbo.

Upepo ulinirudisha mlimani. Mlima haukuniachia nafasi, ukanisukuma juu, na kila nikipanda nikapoa, na nilipopoa vya kutosha nikaanguka kwenye bati la nyumba yangu, tone tone. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikwenda sebuleni kwanza, nikapapasa makochi, makavu. Nikajiambia basi, ndoto ni ndoto. Nikaoga, nikavaa gauni la kanisani, nikaketi kusubiri wakosaji.

Walibisha hodi jua likiwa limeshapanda. Baba mkubwa alitangulia na fimbo yake, nyuma mtu amebeba dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, na katikati yao Anaeli, amevaa koti, ameshika jani la sale kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda. Nilikuwa sijamtazama usoni mwaka mzima, kwa hiyo sikujua alianza lini kukonda.

"Ndewirwa, mwanangu," baba mkubwa akasema, "unaona tumekuja na nini. Sisi hatuna maneno mengi. Mdogo wako amekosa, na anajua kwamba amekosa."

"Nimeona, baba," nikasema. "Nitapokea. Ila kabla sijapokea, nina swali moja kwa Anaeli."

"Maswali ya nini tena, mama? Sale likishafika, maswali hakuna."

"Moja tu. Anaeli, pale pa kuchimba alikuonyesha nani?"

Anaeli alitazama jani. Akamtazama baba mkubwa, baba mkubwa akatazama nje.

"Sikutaka uone namsingizia marehemu, dada," akasema. "Ndiyo maana ulipokuwa unanigombeza nilikuwa nanyamaza."

"Nani?"

"Mama. Alisema nichimbe pale pale. Ili asikie koleo."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo, si Anaeli, si jirani, si mama wakati wa uhai wake. Nilikuwa nimelisikia mahali pamoja tu.

"Alikuambia lini?" nikauliza, kwa sababu nilitaka kujua nilikuwa wapi.

"Siku moja alipokuwa mgonjwa. Wewe ulikuwa umekwenda kumchotea maji."

Nikanyoosha mkono nikalipokea jani. Lilikuwa jani la kawaida, lina vumbi kidogo la njiani. Baba mkubwa akavua kofia akamshukuru Mungu, kisha akasema jambo lile lilikuwa limekwisha na lisitajwe tena katika ukoo. Anaeli alikaa kwenye kochi refu, akainamisha kichwa, akalia taratibu, na baba mkubwa akawa anampigapiga mgongoni. Mimi nilibaki nimesimama na jani langu. Tumboni nilihisi kitu kidogo, kigumu, chenye kona, hakipandi wala hakishuki.

"Umeshakula?" nikamwuliza. Swali lilinitoka kabla sijalikamata.

"Bado, dada."

Nikaenda jikoni. Mchele ulikuwepo, ule mzuri wa tambarare, nusu ndoo. Nikafunika ndoo, nikachukua kisu, nikaanza kumenya ndizi.